Bei ya mafuta ikianguka, hasara humfikia nani?

Nikitaka kumweleza mtu jinsi bei ya bidhaa ghafi inavyotikisa sarafu, huanza na hesabu ya pipa moja la mafuta. Mwaka 2014 pipa la Brent, mafuta ghafi ambayo bei yake hutumika kama kipimo duniani, liliuzwa kwa wastani wa dola 99 hivi. Mwaka uliofuata, dola 52. Urusi, inayouza mafuta nje, iliiachia rubli ielee Novemba 2014, yaani soko liamue thamani yake, na wastani wa dola moja ukapanda kutoka rubli 38 hadi 61. Zidisha mwenyewe: pipa la rubli 3,760 likawa la rubli 3,170. Kwa dola, karibu nusu ya thamani ilipotea. Kwa rubli, haikufika hata moja ya tano.

Pensheni na mishahara ya serikali hulipwa kwa rubli, kwa hiyo bajeti haikuporomoka kama mafuta yalivyoporomoka. Walioumia ni wanunuzi. Bidhaa za nje zilipanda, na mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 13 mwishoni mwa 2015, ingawa Desemba 2014 benki kuu ilikuwa imepandisha riba hadi asilimia 17.

Nigeria ilichukua njia nyingine. Tangu mapema 2015 hadi Juni 2016, benki kuu yake iliishikilia naira kwenye 197 hadi 199 kwa dola. Nia ilikuwa kuwakinga watu na ughali, nami naiheshimu. Lakini dola zilikuwa zimepungua kweli, na kutangaza kiwango hakuzileti. Pigo likatokea upande mwingine: waagizaji wa aina 41 za bidhaa wakafungiwa dola za kiwango rasmi, viwanda vikahangaikia malighafi, na dola ya mitaani ikaipita ile ya benki kwa mbali. Uchumi ulisinyaa mwaka 2016. Mashambulizi dhidi ya mabomba ya mafuta ya Niger Delta yalichangia pia, kwa hiyo siitwishi sera ya naira lawama yote.

Hata hivyo, kuiacha sarafu ishuke husaidia tu pale ambapo madeni nayo ni ya sarafu hiyo. Zambia, inayoishi kwa shaba, ilikopa kwa hati fungani za dola (hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji) mwaka 2012, 2014 na 2015. Shaba iliposhuka 2015, kwacha ikaanguka nayo, na ile hesabu ya pipa ikageuka: kila dola ya deni sasa ilidai kwacha nyingi zaidi. Novemba 2020 nchi ilishindwa kulipa riba ya hati hizo.