Je, wajua kwa nini kaburi la keya hutafutwa kwa namba kabla ya jina?

"Alikwenda Bama, hakurudi." Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, habari ya babu aliyekuwa keya huishia hapo. Keya ndilo jina walilopewa askari wa King's African Rifles, yaani KAR, na Bama ni Burma, leo Myanmar, walikopigana na Wajapani mwaka 1944. Wajukuu wengi hudhani hakuna alama iliyobaki. Kwa waliokufa katika Vita Kuu ya Pili mara nyingi ipo, ama kaburi, ama jina lililoandikwa kwenye mnara.

Daftari la kuanzia ni la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, iliyoundwa mwaka 1917. Liko kwenye intaneti, na kulisoma ni bure. Kila marehemu ana maelezo mafupi: jina, cheo, namba ya jeshi, kikosi, tarehe ya kufa, makaburi alikozikwa, kisha kitalu, safu na namba ya kaburi. Ukiyapata hayo unaweza kwenda mpaka kwenye kaburi lenyewe bila kuuliza njia.

Shida ni jina. Karani aliandika alivyosikia. Ng'ang'a anaweza kuwa Nganga, na Mutiso akawa Mtiso. Tena, babu aliyejulikana kijijini kwa jina la utani huenda aliandikishwa kwa jina la ubatizo, au kwa jina lake na la baba yake tu, la ukoo likaachwa. Utafute Juma bin Ali uone watakavyojitokeza! Namba ya jeshi ndiyo inayomtenga mtu na wenzake. Kwa hiyo kabla ya kufungua kompyuta, fungua sanduku la bibi. Tazama barua ya kutangaza kifo, karatasi za malipo, bahasha za barua alizotuma akiwa safarini. Kama ni medali ya Vita Kuu ya Kwanza, usiishie kutazama uso wa mfalme. Ipeleke kwenye mwanga wa dirisha, ifute taratibu kwa kitambaa laini, uizungushe usome ukingo. Huko ndiko walikochonga namba, cheo, jina na kikosi, kwa herufi ndogo sana.

Ukikosa namba, shika kikosi. Vikosi vya KAR vilivyokwenda Burma vilikuwa na herufi za nchi vilikotoka: 11 (K) cha Kenya, 26 (TT) cha Tanganyika, 34 (U) cha Uganda, 22 (NY) cha Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Si kanuni, maana vijana walivuka mipaka kwenda kujiandikisha. Ila ukijua kikosi unaweza kufuata shajara zake za vita, zilizohifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Majina ya askari wa Kiafrika ni adimu mle ndani, lakini utajua siku aliyokufa wenzake walikuwa wapi na walikuwa wakifanya nini.

Halafu kuna mtego wa mahali. Familia iliyoambiwa mtu wao amezikwa Mandalay, huko Burma, itahangaika bure ikitafuta kaburi Mandalay. Kuanzia 1951, makaburi yaliyokuwa Mandalay, Meiktila, Akyab na Sahmaw yalihamishiwa Taukkyan, karibu na Yangon, kwa sababu kuyafikia na kuyatunza kulikuwa kugumu. Hapo Taukkyan pia umesimama mnara wenye majina karibu 27,000 ya wanajeshi wa nchi kavu wasiojulikana walipolala.

Wengine walifia baharini. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Kilindini kuelekea Ceylon, leo Sri Lanka, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hawana kaburi. Kumbukumbu ya askari hao wa mizinga iko Nairobi, kwenye mnara wa East Africa Memorial ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road. Mjukuu anaweza kuwa anapita nje ya ua ule kila siku akienda kazini.

Kwa waliokufa 1914 hadi 1918 hali ni nyingine kabisa, na inauma. Tume yenyewe iliweka msingi kwamba wafu wote ni sawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Lakini Waafrika wengi hawakuwekewa mawe yenye majina. Walijengewa minara ya pamoja, kama ule wa Askari pale Dar es Salaam, uliozinduliwa 1927. Maandishi yake yanamwambia askari kwamba akifa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Juu ya mnara huo hakuna jina la marehemu hata mmoja.

Mwaka 2021 ripoti ya Tume ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi na kuahidi kuyatafuta majina hayo. Basi kama babu wa babu yako alikuwa keya au mpagazi wa vita ile, andika unachokijua, hata kama ni jina, kijiji na njia aliyopelekwa tu, uiandikie Tume. Wazee waliosikia habari hizo kutoka kwa wazazi wao bado wapo, wachache, na mwaka ujao watakuwa wamepungua.