Ahmad Jamal si mtoto wa Jamal

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mtu mzima anayesoma habari za michezo redioni: "Kaka, huyu Ahmad Jamal mpiga piano na yule Ahmad Rashad wa mpira wa Kimarekani, ni ndugu? Na wazee wao walitokea Oman au huku kwetu?" Nikavua miwani. Kazi yangu ni kupanga santuri na kanda na kuandika kadi zake. Swali hili nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu, kwa hiyo naliandika mara moja, atakayeuliza tena nimtumie linki.

Kwetu ukiitwa Ahmad Jamal, Jamal ni baba yako. Ukienda kuposa, wazee wataanza na huyo: Jamal yupi, wa wapi? Ndiyo maana masikio yetu yanatudanganya. Mpiga piano huyu alizaliwa Pittsburgh mwaka 1930, akaitwa Frederick Russell Jones. Alisilimu akiwa kijana, akavaa majina yote mawili kwa pamoja, kama mtu anayenunua kanzu na kofia yake. Jamal pale hamtaji mzazi yeyote.

Rashad naye alizaliwa Portland, Oregon, mwaka 1949, akiitwa Bobby Moore. Timu ya St. Louis Cardinals ilimchukua wa nne kwenye drafti ya 1972, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, kwa jina hilo hilo. Alikuja kung'ara kwenye timu ya Minnesota Vikings akiwa tayari Ahmad Rashad. Undugu wao ni wa shahada ya Uislamu, basi. Na tafadhali, hakuna Ahmed hapo. Ni Ahmad.

Sasa tuje kwenye linalonipandisha presha: "jina halisi". Watu wanataka kila kadi iwe na mstari wa jina halisi chini yake, kana kwamba lile la juu ni la bandia. Ingizo la katalogi hufuata jina ambalo mtu amelifanyia kazi. Jamal aliporekodi mwaka 1951 alikuwa Ahmad Jamal. Aliporekodi pale ukumbi wa Pershing, Chicago, Januari 1958, santuri iliyokaa kwenye chati zaidi ya wiki 100, alikuwa Ahmad Jamal. (Isikilize, umsikie anavyonyamaza pale ambapo mwenzake angejaza vidole kumi.) Jones hajapiga noti hata moja humo. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba hakubadili jina, alirudisha la asili yake. Mimi ni nani nimbishie kwa kadi?

Rashad ni kesi nyingine kabisa. Mipira aliyodaka Chuo Kikuu cha Oregon imeandikwa Bobby Moore, kwa hiyo kadi ya "tazama", inayomtoa msomaji jina moja kumpeleka jingine, lazima iwepo, tena iwe na mwaka wa kuzaliwa, maana Bobby Moore mwingine ndiye nahodha wa Uingereza aliyeinua Kombe la Dunia mwaka 1966. Nimewahi kufungua faili la Mmarekani nikakuta picha ya Mwingereza, na mpira wa duara miguuni. Hakuna aliyeshtuka.

Halafu kuna Ahmad Bradshaw, aliyechezea New York Giants, mpira huo huo wa Kimarekani. Yeye kazaliwa Bluefield, West Virginia, mwaka 1986, akapewa Ahmad na wazazi wake, na ukoo ukabaki Bradshaw. Kufikia wakati huo majina ya namna hii yalishazoeleka kwenye familia nyingi za Wamarekani weusi, za Waislamu na zisizo za Waislamu. Jina la kupewa linakueleza walichopenda wazazi. Halinipi ruhusa ya kumwandikia mtu dini. Ninachoweza kumwandikia ni kile cha fainali ya Super Bowl, Februari 2012: wapinzani, Patriots, wamemfungulia njia makusudi ili wapate mpira wenyewe, yeye anataka kusimama yadi moja kabla ya mstari wa bao ili saa iendelee kula muda uliobaki, breki zinakataa, anageuka, anakaa kitako ndani. Zimebaki sekunde 57. Giants wakashinda 21 kwa 17 kwa bao ambalo mfungaji hakutaka kulifunga.

Yupo na Ahmad Gardner wa Detroit, wanayemwita Sauce. New York Jets walimchukua mwaka 2022, naye wa nne, miaka 50 kamili baada ya Rashad. Kuna aliyeniambia hiyo ni ishara. Ni drafti, ndugu yangu.

Pamoja na ukali wote huu, kuna kadi moja inaninyima raha. Jamal alipofariki Aprili 2023 niliitoa nijaze mwaka, nikamfikiria mtafiti atakayekuja siku moja na karatasi za shule za Pittsburgh zilizoandikwa Jones. Huyo ataingilia wapi? Nikaandika "Jones, Frederick Russell: tazama Jamal, Ahmad". Kesho yake nikaifuta. Wiki iliyofuata nikairudisha. Mpaka leo iko kwa penseli.