Kwa Nini Mpira Wako Haufiki Kwenye Bendera

Simama Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa gofu hapa Nairobi, nyuma ya grini (ile nyasi fupi yenye shimo na bendera) ya shimo lolote la pa 3, yaani linalokadiriwa mikwaju mitatu, utaona jambo moja likijirudia. Wanapiga wachezaji wanne. Mipira mitatu inatua kabla ya grini, wa nne unaangukia pembeni. Unaopita bendera ni wa kuhesabu. Na hao waliopungukiwa hawakupiga vibaya sana, ila fimbo waliyoshika haikutosha.

Nafundisha gofu miaka mingi sasa, na kabla ya hapo nilikuwa kedi Mombasa, nikibeba mikoba ya watu tangu sijaota ndevu. Kazi zote mbili zimenionyesha kwamba mchezaji wa ridhaa huchagua fimbo kwa kukumbuka mkwaju wake mmoja uliokuwa mzuri kuliko yote. Siku moja, upepo ukiwa mgongoni na ardhi imekauka, ayani 7 yake (ayani ni fimbo za chuma; namba ikipungua, mpira huenda mbali zaidi) ilifika mita 150. Tangu siku hiyo, ukimuuliza, ayani 7 yake "inapiga 150". Siku nyingine zote mpira unatua mita 135, naye anadhani amekosea kupiga. Mkwaju unaofuata anaukazia nguvu, mwili unakakamaa, mpira unakwenda kulia msituni.

Nina mwanafunzi mmoja, mzee mstaafu mwenye handikapu 22, yaani kwa kawaida huzidisha kama mikwaju 22 juu ya ile inayokadiriwa. Siku moja tulisimama mita 140 kutoka bendera.

"Mzee, hapa unachukua fimbo gani?"

"Ayani 7, mwalimu. Hapa ndipo mahali pake."

"Na ukichukua 6?"

"Nitapitiliza, mpira upotelee kule kwenye miti."

Nikamwomba apige mipira mitano kwa ayani 6, polepole, kama anayefagia. Mitatu ilikaa kwenye grini. Mmoja ulisimama hatua mbili mbele yake, mmoja ukaenda kulia. Hakuna hata mmoja uliogusa miti. Alikaa kimya kidogo, akaitazama ile fimbo, akasema, "Kumbe nimejinyima miaka yote hii."

Basi kazi ya kwanza ninayompa kila anayekuja kwangu ni kupima fimbo zake. Tafuta alasiri moja yenye upepo mdogo. Chukua fimbo moja, piga mipira 15 ya aina unayochezea kwenye mechi, kwa sababu mipira ya mazoezini iliyochakaa huruka pungufu. Kisha nenda ukaitazame ilipo. Mitatu iliyofika mbali zaidi iache, mitatu iliyopungukiwa zaidi iache pia. Pima kwa hatua hadi katikati ya ile tisa iliyobaki, na angalia alama za mpira ulipotua, si ulipoishia kubiringika, maana banka, lile shimo la mchanga, lililo mbele ya grini halijali mpira wako ungebiringika kiasi gani. Andika namba hiyo. Kesho yake pima fimbo nyingine. Sheria inakuruhusu kubeba fimbo 14, lakini ukizijua tano kwa uhakika tayari umekuwa mchezaji mwingine.

Jambo dogo linaloponza wengi: uliza kama alama za uwanja zimepimwa kwa yadi au kwa mita. Yadi 150 ni mita 137 tu. Nimeona watu wakibishana na kedi shimo zima kwa sababu hiyo.

Sasa tuje kwenye hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, kwa hiyo mpira ule ule, kwa mkono ule ule, huruka mbali zaidi kwa takriban asilimia 6 kuliko pwani. Mimi nilijifunzia gofu pwani, na nilipohamia huku mwezi wa kwanza wote nilikuwa narusha mipira nyuma ya grini. Wanafunzi wangu hupatwa na kinyume chake. Wakishuka Nyali, Vipingo au Diani kwa mashindano ya wikendi, wanarudi wakilalamika kwamba mkono umepotea. Mkono haujapotea. Fimbo iliyokuwa ikipiga 140 Nairobi, kule inapiga kama 132, na hiyo peke yake inatosha kukuangusha bankani.

Halafu kuna upepo. Mtu wa pwani haulizi kama kuna upepo, anauliza ni upepo gani. Kuanzia kama Aprili hadi Septemba kuna kusi, na kusi si wa kuchezea, hasa ikishapita saa sita mchana. Kaskazi huja mwishoni mwa mwaka na hudumu hadi Machi. Shimo ulilolicheza Januari kwa weji, fimbo ya kupiga mpira juu na karibu, ukirudi Julai linaweza kukudai ayani 6. Na kumbuka kwamba upepo wa mbele hukunyang'anya mita nyingi kuliko zile ambazo upepo wa nyuma hukupa. Ukipiga kwa nguvu dhidi ya upepo, mpira huzunguka zaidi, hupanda juu kama tiara, halafu hudondoka hapo hapo mbele yako. Dawa yake ni kupanda fimbo mbili, kama ayani 5 badala ya 7, kushika mpini chini kidogo, na kupiga taratibu huku ukimaliza mkono ukiwa kifuani, usiufikishe begani. Makedi wa pwani watakwambia haya kabla hujauliza, ukiwasikiliza.

Turudi Nairobi, kwenye kitu kinachokula mikwaju ya watu kuliko hata umbali: nyasi ya kikuyu. Nyasi hii asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ikachukua jina la Wakikuyu, kisha ikasambaa duniani hadi California, ambako uwanja wa Riviera mjini Los Angeles unachezwa juu yake. Kwenye feawei, ile njia ya nyasi iliyokatwa inayokwenda hadi kwenye grini, ni rafiki. Mashina yake magumu yanautegemeza mpira, unakaa juu kama umewekwa kwenye tii, kile kijiti cha kuanzia. Ila ukitoka feawei hatua tatu, au ukaishia ukingoni mwa grini, mambo yanageuka.

Chuchumaa siku moja uitazame kwa karibu. Haioti wima kama nyasi nyingine, inatambaa, na mashina yake yamesukana kama mkeka. Mpira ukizama humo, fimbo inayopita chini kwa chini hunaswa shingoni kabla haijaufikia, na uso wake unageuka kushoto. Ndiyo maana unaona mpira ukiruka hatua mbili kisha ukasimama, na mchezaji akitazama fimbo yake kama imemsaliti. Ile chipu, mkwaju mfupi wa kubiringisha, mnayoiona kwenye televisheni, mpira ukitua mbele ya grini kisha ukatembea hadi shimoni, huku nyasi inaumeza pale pale unapotua.

Ninachofundisha ni hiki. Chukua weji yako iliyolala zaidi, si ayani 8. Fungua uso wake kidogo kabla ya kushika mpini, ili ukinaswa na kugeuka uishie kutazama bendera. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto vikaze, mkono wa kulia uwe mlegevu. Mpira ukae katikati ya miguu, uzito uegemee mguu wa mbele tangu mwanzo na usirudi nyuma. Inua fimbo kwa kukunja vifundo vya mikono mapema, ishushe kwa mwinuko mkali, na usisimame kwenye mpira: fimbo ipite hadi upande wa pili wa nyasi. Chagua sehemu ndani ya grini ambapo mpira utatua, hata kama ni hatua moja tu ndani, na upatazame mahali hapo badala ya bendera. Wengi wakiogopa hupunguza mwendo katikati ya mkwaju, na nyasi ya kikuyu haimsamehi anayesita.

Jingine, usikanyage wala kubonyeza nyasi nyuma ya mpira ili ukae vizuri. Ni adhabu ya mikwaju miwili kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, na naiona ikifanywa kila wiki na watu waungwana kabisa ambao hawajui tu kwamba ni kosa.

Kwenye grini nina neno moja tu. Uwanja wa pa 72 unakadiria puti mbili, yaani mikwaju ya kubiringisha mpira kwenye grini, kwa kila shimo, yaani 36, nusu ya mikwaju yote. Lakini watu wakifanya mazoezi wanasimama hatua mbili kutoka shimoni na kuputi mpira mmoja mmoja, wakati puti tatu huzaliwa mbali, hatua 10 au 12, pale mpira wa kwanza unapokosa nguvu au unapopitiliza. Weka fimbo moja chini nyuma ya shimo, umbali wa futi moja na nusu. Simama hatua 10, piga mipira mitatu, yote isimame kati ya shimo na ile fimbo. Mmoja ukipungukiwa au ukagonga fimbo, anza upya.

Mzee wangu wa handikapu 22 hufanya zoezi hili kila asubuhi kabla ya kwenda tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia, kedi wake akiwa amesimama nyuma ya shimo. Kwenye zipu ya mkoba wake amefunga kadi ndogo yenye namba za fimbo zake, safu moja ya Nairobi na nyingine ya pwani. Namba ya ayani 7 kwenye safu ya pwani ameipigia mstari mara mbili.