Protini zilizoharibika na lori la taka

Mtu akisikia kwamba kazi yangu ni kupima uharibifu wa protini katika seli zinazozeeka, swali linalofuata huwa lile lile: basi nimeze nini? Maduka ya dawa hapa katikati ya Nairobi yamejaa makopo ya vitamini E na betakarotini, kila moja likiahidi kupambana na radikali huru, yaani molekuli kali zenye elektroni isiyo na mwenzake. Jibu langu humchosha muulizaji, basi heri niliandike.

Sehemu za seli ziitwazo mitokondria zinapotumia oksijeni kutengeneza nishati, sehemu ndogo ya oksijeni hiyo huishia kuwa peroksidi ya hidrojeni. Yenyewe si kali sana. Balaa huanza ikikutana na chuma kilichojishika kwenye protini. Papo hapo huzaliwa radikali ya haidroksili, ambayo haisafiri mbali: hushambulia kilicho jirani. Lisini, arijinini, prolini na threonini, ambazo ni amino asidi, vipande vinavyounda protini, zikipigwa huota kundi la kabonili, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu. Methionini, amino asidi nyingine, ina nafuu, kwa kuwa ikioksidishwa, yaani ikiharibiwa namna hii, kipo kimeng'enya cha kuirudisha ilivyokuwa. Kabonili haina fundi. Protini nzima haina budi kuvunjwa.

Hizo kabonili ndizo tunazopima, kwa njia iliyoenezwa na Earl Stadtman na Rodney Levine wa Marekani. Unatia kemikali iitwayo dinitrofenilihidrazini, inazishika kabonili, kisha unasoma rangi ya manjano kwenye nanomita 370. Kuieleza ni rahisi kuliko kuifanya. Kemikali iliyobaki bila kushika chochote nayo ni ya manjano, na usipoiosha sawasawa, sampuli ya kijana wa miaka 20 itaonekana imezeeka kuliko ya babu yake. Nikiletewa matokeo ya kabonili, huuliza kwanza waliosha vipi.

Kazi ya kuvunja protini mbovu hufanywa na proteasomu, mashine ndogo ya seli yenye umbo la pipa na tundu la kuingilia. Protini iliyooksidishwa hufunguka na kuanika sehemu zake zinazochukia maji, na proteasomu huitambua kwa hizo, ikaivuta ndani na kuikatakata. Lakini uharibifu ukizidi, protini hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa mabonge yasiyopita tunduni. Wakazi wa Nairobi hawahitaji maelezo marefu hapa: lori la taka lisipokuja wiki tatu, magunia hujaa hadi getini, na siku likija halipati pa kuingilia. Mabonge nayo huziba proteasomu, kasi ya kuvunja hushuka, mabonge mengine huongezeka. Seli zinazogawanyika hugawana mzigo huo na wanao. Seli za neva na za misuli ya moyo haziwezi, ndiyo maana hukusanya lipofusini, ile rangi ya kahawia na manjano tunayoiona kwenye hadubini katika tishu za wazee.

Sasa turudi kwa vidonge. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Marekani, Denham Harman, alipendekeza kwamba radikali huru ndizo hutuzeesha. Hoja ilivutia, na ilionekana dhahiri kwamba kuzizima kungesaidia. Kisha yakaja majaribio. Finland, mwaka 1994, wanaume wavutaji sigara waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa, kwa takriban asilimia 18. Jaribio jingine la Marekani lilisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Mimi sihitaji ushahidi mwingine ili kumwambia mvutaji sigara aachane na kopo hilo.

Mnyama aliyenifanya niitilie shaka zaidi hoja ya Harman ni wa kwetu: fuko uchi, anayechimba mashimo katika nyanda kame za Kenya, Ethiopia na Somalia. (Ukipita Mtito Andei ukielekea Mombasa, huenda uko juu ya koloni lao.) Ana ukubwa unaokaribiana na wa panya wa nyumbani, ambaye akifika miaka 4 amebahatika, lakini yeye hupita 30. Ungedhani protini zake ni safi. Sivyo: hata akiwa kijana, vipimo vimemkuta na uharibifu wa kioksidishaji mwingi kuliko wa panya. Tofauti ni kwamba protini zake hazikunjuki ovyo zinaposhambuliwa, na proteasomu zake hufanya kazi kwa nguvu zaidi, naye akizeeka uharibifu hauongezeki sana.

Ndiyo maana siku hizi, nikipima kabonili, napima pia kasi ya proteasomu katika sampuli ile ile. Idadi ya kabonili peke yake haisemi kama zinazalishwa nyingi au haziondolewi.

Na kabla mtu hajaniuliza kidonge cha kuiongezea proteasomu nguvu: seli za mieloma, saratani ya uboho wa mifupa, huitegemea mno kwa sababu zinatengeneza protini nyingi kupita kiasi, na bortezomibu, dawa inayotumika tangu 2003, huziua kwa kuiziba.