Mswaki wa Umeme Hauhitaji Kukandamizwa

Wengi tulilelewa tukiamini kwamba jino husafishwa kwa nguvu: mswaki mgumu, mkono mzito. Imani hiyo tumeihamishia hata kwenye mswaki wa umeme, nako inaleta madhara.

Utando wa bakteria unaojijenga juu ya meno ni laini. Nyuzi laini zinazogusa tu zinatosha kuuondoa. Ukishakuwa mgumu kama jiwe, hakuna mswaki utakaoubandua. Hiyo ni kazi ya daktari wa meno. Kukandamiza hupunguza mwendo wa kichwa cha mswaki na kulaza nyuzi, zikashindwa kufika pale ufizi unapokutana na jino, mahali penye utando mwingi. Baada ya miaka, ufizi hurudi nyuma na mzizi hubaki wazi. Mzizi hauna enameli, yaani lile ganda gumu la nje la jino, ndiyo maana maji baridi huuma. Ufizi uliorudi nyuma haujioteshi tena, na hili linanisikitisha kwa sababu lingeepukika.

Kwa hiyo unaponunua, tafuta kwanza kihisi cha mkandamizo, kinachokuonya ukikandamiza mno, na kipima muda cha dakika 2. Wingi wa mitindo ya kusugua si muhimu. Usisugue, shikilia mswaki kila jino kwa sekunde chache, kisha usogeze.

Badilisha kichwa kila miezi 3, au mapema nyuzi zikitawanyika. Baada ya kupiga mswaki, kitoe, suuza ndani yake na shingo ya mpini, kisha viache vikauke wazi, bila kifuniko.