Kisahani cha "udongo" sio udongo, na mengine watu wanayokosea kuhusu mechi za magobore

Kila nikiongelea hizi mechi za timu za bunduki za baruti nyeusi, yaani zile za kushindilia kwa mdomo wa mtutu, sisi tunaziita magobore, naulizwa maswali yaleyale na nasikia uongo uleule. Basi leo niyamalize hapahapa.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Marekani kuna chama kinaitwa North-South Skirmish Association, kipo tangu 1950, watu wanavaa sare za vikosi vya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865 na wanapiga risasi za kweli kabisa, sio maigizo. Mara mbili kwa mwaka wanakutana kwenye mechi za taifa Fort Shenandoah, karibu na Winchester, Virginia. Timu ya masketi, yaani bunduki ndefu za askari wa miguu, ni watu wanane, wanapiga yadi 50 na yadi 100, wanavunja vitu vilivyowekwa mbele yao, kama vile visahani, na saa inatembea. Timu ambayo muda wake wote ukijumlishwa ni mdogo ndio imeshinda. Hapo kwenye saa ndio utamu wote ulipo, na ugomvi wote pia.

"Si wote wanapiga visahani? Basi mechi ni ya haki."

Hii ndio naisikia kuliko zote, na ndio inaniudhi kuliko zote. Kile kisahani cha rangi ya machungwa watu wanakiita cha udongo, kumbe udongo haumo kabisa, ni lami iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, upana kama milimita 108 hivi, uzito gramu mia na kidogo. Sasa lami unaijua tabia yake, jua likiwaka inalainika, baridi ikiingia inakuwa kavu na inavunjika kama biskuti. Kisahani kilicholainika kidogo risasi inaweza kukipita katikati ikaacha tundu safi, kisahani bado kimekaa kinakuangalia. Umepiga, umepatia, na hakijavunjika! Alafu kuna upande wa pili, visahani vinasafirishwa vimepangana kwenye katoni, vya chini vinabeba mzigo na vinapata nyufa ambazo kwa macho huzioni, hivyo ukivigusa tu vimesambaratika. Kwa hiyo timu moja ikipewa katoni iliyoshinda kivulini na nyingine ikapewa iliyoshinda kwenye gari juani, jina la shabaha ni moja lakini hazijapiga kitu kimoja.

"Aah, kisahani kimoja tu, kitabadilisha nini?"

Kitabadilisha sana ndugu yangu. Hii sio bunduki ya kukandamiza tu triga. Unamimina baruti, unaweka risasi, unashindilia kwa mdeki, unaweka fataki, unalenga. Askari wa enzi hizo alitakiwa apige risasi tatu kwa dakika, yaani kila mzunguko ni sekunde 20, na hawa wa leo japo wanakuja na baruti iliyopimwa tayari kwenye vichupa bado sekunde zinaondoka. Kisahani kikitobolewa bila kuvunjika maana yake kuna mtu anaanza upya kumimina huku wenzake saba wameshamaliza wanamtazama na saa haimsubiri, wakati timu ya jirani wamesimama wanapangusa jasho. Mechi zenyewe mara nyingine zinaamuliwa na tofauti ndogo kuliko hiyo. Ndio maana waandaaji wenye akili wanachanganya katoni kabla ya kugawa, wanatumia mzigo mmoja kwa mstari mzima, na wanasema kabla ya mlio wa kwanza, tundu linahesabika au halihesabiki. Ukisubiri kuamua hilo baada ya moshi kutulia umeshachelewa, kila nahodha atakuwa na tafsiri yake.

Na gundi nayo! Kisahani kikibandikwa kwenye kadibodi kwa gundi kali kinaweza kuvunjika vipande vinne na vyote vikabaki vimeng'ang'ania palepale. Mpigaji yuko yadi 50 ndani ya moshi, anaona duara zima, anapakia tena. Kinachoning'inizwa hakina hiyo shida, kikivunjika kinaanguka, ila kinachezacheza na upepo.

"Wekeni chuma basi, tumalize ubishi."

Wazo linasikika zuri mpaka uliwaze kidogo. Bamba la chuma la kuangushwa linataka msukumo. Risasi ya Minié (ile yenye shimo kitakoni) ya masketi yenye mtutu wa inchi 0.58 ina uzito wa gramu 30 hivi, hiyo inaliangusha hata ikigusa pembeni, lakini mwenye risasi nyepesi atapiga palepale na bamba litatikisika tu lirudi kusimama. Umeondoa upendeleo mmoja umeleta mwingine. Chuma kisichoanguka ndio kabisa, utegemee kusikia mlio wakati watu wanane wanafyatua pamoja na moshi umetanda? Na risasi ikigonga chuma cha karibu chenye mashimo, vipande vinaweza kurudi kwa waliopiga.

"Karatasi haina upendeleo."

Ina wake mdogo. Kama kanuni inampa pointi anayegusa mstari, tundu la inchi 0.58 linafika mbali kuliko la 0.45 kwa zaidi ya milimita moja na nusu kila upande. Kwenye mashindano ya dunia ya MLAIC, chama cha kimataifa cha hizi bunduki za kushindilia, mechi nyingi ni za karatasi, mtu anapewa risasi 13 ndani ya dakika 30 na 10 bora ndio zinahesabiwa, na bunduki za kale zinatengwa na nakala mpya. Ni mchezo mwingine kabisa, wa mtu mtulivu. Mbio za watu wanane huwezi kuzipima hivyo.

"Magobore hayana shabaha, ni bahati tu." Hapana. Mtutu laini ndio uliokuwa unabahatisha. Wenye mifereji ndani, na risasi ya Minié yenye shimo kitakoni linalotanuka ikashika ile mifereji, unavunja kisahani yadi 50 bila uchawi wowote. Ndio maana mitutu laini inapewa mechi zake.

La mwisho, hivi visahani vipya visivyo na lami ya makaa ya mawe. Vilikuja kwa sababu ya maana, ile lami ina sumu, nguruwe waliokula mabaki yake mashambani walikufa. Vipya ni vizuri, sina neno. Ila havivunjiki sawasawa na vya zamani, kwa hiyo mwandaaji aliyebakiwa na katoni tatu za zamani asizichomeke katikati ya mechi eti zisiharibike stoo. Azipeleke kwenye mazoezi.