Mabakuli ya Kiaramu hayakuwa ya kunywea dawa

Anayejua kombe, ile sahani ya kuandikwa kwa zafarani, ikaoshwa na mgonjwa akanywa maji yake, akiyaona mabakuli ya udongo ya Iraki ya kale, yaliyoandikwa kwa wino maneno ya kufukuza pepo, atadhani ni mambo yale yale. Hakosi wenzake: karne ya 19, Layard, Mwingereza mchimbaji wa mambo ya kale, alipoyatangaza, maelezo hayo hayo yalitolewa.

Lakini tazama wino. Mara nyingi maneno huanzia katikati, yakazunguka kwa ndani kama gamba la konokono hadi ukingoni, na bado yanasomeka. Yangekuwa yameoshwa, tungesoma nini? Isitoshe, huko Nippur, mji wa kale wa Iraki, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliyakuta mengi yamefukiwa kifudifudi majumbani. Ni mtego wa pepo, si kikombe. Mengine yamechorwa pepo mwenyewe katikati, miguu imefungwa pingu. Mchoro wenyewe mara nyingi wa kitoto.

Na jina lisikupoteze. Lugha ni Kiaramu, ila wateja walikuwa Wayahudi, Wamandayo (wafuasi wa dini ya kale ya huko Iraki) na majirani zao, takriban karne ya 5 hadi ya 8 BK, si Waaramu wa kale. Ufalme wa Waaramu wa Damascus ulikuwa umeanguka zaidi ya miaka elfu moja kabla, mwaka 732 KK.